Mwingereza Tuliyemlilia Anderlecht

Kazi yangu ni kuogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee. Naingia zamu alfajiri, natoka saa nane mchana, na nikishuka metro huku Anderlecht, Brussels, miguu imeshavimba, sitaki kusikia habari za mtu yeyote, awe hai au marehemu. Lakini kwa miaka kadhaa, kila nilipofika nyumbani, kabla sijavua koti, mama aliniuliza swali lile lile kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

"Alors, maman? Balimupata?"

Mama huniita maman, kama wanavyofanya wazazi wetu wa Lubumbashi wanapotaka kitu kwa binti zao. Na huyo aliyekuwa akitafutwa ni baba yake mzazi, Mwingereza, ambaye sura yake haikumbuki hata kidogo.

Mama ni chotara. Baba yake alifanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Katanga enzi za Wabelgiji, na mama yake alikuwa msichana wa pale pale mjini. Alipokuwa mdogo, bado hajaota meno ya ukubwani, masista walimchukua wakampeleka misheni, kwa sababu serikali ya wakati ule haikutaka watoto wa rangi yake wakulie kwa mama zao. Katika kitabu cha ubatizo cha misheni, mahali pa baba, pameandikwa kwamba hajulikani. Mama aliyasoma maneno hayo mwenyewe alipokuwa msichana, siku alipotumwa kufuta vumbi ofisini. Nadhani hajayameza mpaka leo.

Alibaki na vitu viwili tu. Cha kwanza ni maneno ya bibi yangu, aliyeruhusiwa kwenda kumwona siku moja moja, na ambaye alifariki mama akiwa bado misheni: "Papa yako aliendaka ku vita, hakurudiaka." Cha pili ni jina. Masista walimpa jina la mtakatifu, lakini nyuma yake waliliacha lile alilokuja nalo kutoka nyumbani, na hilo lilikuwa jina zima la mwanamume wa Kiingereza, la kwanza na la ukoo, yamebandikwa pamoja kama moja. Sitaliandika hapa. Mwanamke kubeba jina la kiume hakukumshangaza mtu kwetu, maana kwetu jina halina sketi wala suruali, hupewa mtoto yeyote atakayezaliwa.

Sote tuliona wazi kwamba hilo ni jina la baba yake. Lingekuwa la nani tena? Mtoto hubeba jina la baba, ndivyo karatasi zote za Ulaya zinavyosema, na mimi nimejaza karatasi nyingi sana za Ulaya.

Mimi Kiingereza sikijui. Aliyetusaidia ni dada mmoja Mtanzania ninayesali naye, karani wa ofisi, mtu mwenye subira ambayo mimi nilizaliwa bila. Alikaa na kompyuta yake mezani kwetu Jumapili moja baada ya misa, akaandika lile jina kwenye orodha ya askari wa Kiingereza waliokufa katika vita ya pili, na kabla chai haijapoa akainua kichwa.

"Dada, yupo. Mmoja tu mwenye jina hili. Na kaburi lake liko hapa hapa Belgium."

Mama alishika meza kwa mikono miwili. Alikuwa ameishi Ubelgiji miaka mingi kufikia siku hiyo, na baba yake alikuwa amelala Flandre, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, mwendo wa treni moja na basi moja. Tarehe ya kifo chake ilikuwa miezi michache kabla ya mama kuzaliwa. Tulipiga hesabu. Aliondoka Katanga bibi akiwa mjamzito, akapanda meli, akafika vitani moja kwa moja, akauawa. Mambo yalikwenda haraka mno, hilo tuliliona, lakini tarehe ya kuzaliwa ya mama nayo ilikadiriwa na masista kwa kumtazama meno. Ukitaka sana jambo liwezekane, unalipatia nafasi.

Kilichofuata kinaweza kufanywa na watu wetu tu. Mama alisema baba yake hajawahi kufanyiwa kilio, na kwamba hawezi kuendelea kula na kulala kama mtu asiye na habari. Nilimwambia kwamba marehemu ana zaidi ya miaka sabini kaburini. Akanijibu kwamba yeye amefiwa leo.

Basi tukafanya kilio. Tuliyatoa makochi tukayapanga kwenye korido ya jengo, tukatandika magodoro sebuleni. Akina mama wa parokia walikuja na masufuria, mmoja akapitia maduka ya Kiafrika ya Chaussée de Wavre akaleta sombe, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi. Katikati ya meza, pale inapowekwa picha ya marehemu, tuliweka picha ya jiwe la kaburi tuliyoitoa kwenye mtandao, tukaizungushia maua. Watu waliingia wakipiga yowe mlangoni kama inavyotakiwa, wakamkumbatia mama, wakalia naye, ndipo wakauliza aliyekufa ni nani. Tonton mmoja, mzee wetu wa Likasi, alipoambiwa, aliinama kulitazama lile jiwe pichani. Kisha akasema, "Bon. Hata vile, pole." Jirani wa chini, mzee wa Kibelgiji mwenye hasira zake, alipanda kulalamikia kelele. Binti yangu akamwambia kwa Kifaransa kwamba bibi amefiwa na baba yake. Yule mzee alimtazama mama, akatazama nywele zake nyeupe, akavua kofia, akashuka. Baadaye alirudi na keki.

Mimi nilipika, nilifua, nilirudi kazini na macho mekundu, na wenzangu walidhani nimelia sana. Kumbe ni usingizi tu.

Tangu hapo, kila mwezi wa tano, tulikwenda kaburini. Mama alibeba kiti cha kukunja. Safari ya kwanza alibeba na fagio la njukuti, la kwetu kabisa, la kufagilia kaburi la baba kama binti anavyopaswa. Tulikuta majani yamekatwa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, mawe meupe yamesimama kwa mistari, na hakuna hata jani moja la kuokota.

"Banashafanya yote," mama alisema, na alisikitika kweli. Akalizungusha fagio hewani kidogo, ili lisiwe limesafiri bure, kisha akafungua kiti chake akaketi.

"Papa," alisema, "tulifika."

Ndivyo alivyoanza kila mwaka. Kisha alimpa habari: nani ameolewa, nani amepata karatasi za ukaazi, bei ya mafuta ya mawese. Mimi nilisimama kando na mfuko wa mikate, nikihesabu kichwani basi la kurudi litapita lini. Sisemi kwamba nilikuwa binti mbaya. Nasema nilikuwa nimechoka, na upepo wa Flandre unaingia mpaka kwenye mifupa.

Halafu binti yangu akapata mimba, na mapumziko yangu yakaisha.

Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza. Anapewa jina la mtu: babu, shangazi, mdogo wa baba, na mara nyingi mtu aliyefariki. Kuanzia hapo yeye ni ndoyi wa yule mtu, yaani somo wake, na jina linapata miguu tena. Mama akaamua kwamba kitukuu wake, akiwa wa kike, atabeba jina la mama wa yule askari.

"Mi bananiandikia asiye na papa," aliniambia. "Huyu mutoto, nataka ajue mpaka mama ya papa yangu. Utanitafutia jina yake, maman. Mbele niende." Yaani kabla hajafa.

Kwenye orodha ya wafu wa vita, askari wengine wameandikiwa mwana wa fulani na fulani. Wa kwetu hakuandikiwa kitu. Ikabidi tuanze kwa serikali, kwa kuagiza cheti chake cha kuzaliwa, halafu tuingie kwenye vitabu vya kanisa la kijiji chake, kaskazini mwa Uingereza, ambavyo kurasa zake zimepigwa picha. Rafiki yangu aliomba pia faili lake la jeshi. Nilimwambia la nini, sisi tunatafuta mwanamke. Akasema ukianza kazi uimalize.

Sitasahau uchovu wa vitabu vile. Nilikuwa natoka kuwageuza wazee vitandani, nakaa kando ya rafiki yangu, natazama mwandiko wa padri wa Kianglikana aliyeandika kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Na majina! Kijiji kizima kilikuwa na majina sita au saba, yanazunguka tu. Babu, mjukuu, mpwa, jina moja. Mtoto akizikwa kabla ya kutambaa, anayezaliwa mwaka unaofuata anabatizwa jina lile lile. Mjomba akifia mgodini, jina linatua kwa mtoto wa dada yake. Nilimuuliza rafiki yangu hawa watu walijuaje anayeitwa mezani ni yupi.

"Hawakubali jina lipotee," alisema. "Wako kama nyinyi tu, dada."

Nilicheka, nikasahau.

Jina la yule mama tulilipata, kwenye cheti cha serikali na kwenye kitabu cha ubatizo, lile lile. Alikuwa mfumaji kiwandani kabla ya kuolewa. Nilipofika nyumbani na karatasi, mama alilisoma lile jina kwa sauti, akalirudia, akalijaribu kama mtu anayejaribu kiatu. Siku ile alikula sahani mbili. Nilimtazama nikajiambia kwamba sasa basi, kazi imekwisha, nitalala.

Faili la jeshi lilichelewa sana mpaka tukalisahau. Rafiki yangu alinipigia simu siku ya mapumziko yangu. "Njoo Porte de Namur. Usimwambie mama kwanza."

Tulikaa kwenye kibaa kimoja cha Matonge, mtaa wa Waafrika ulio pale pale. Saluni ya jirani ilikuwa imefungua mlango na mashine za kukaushia nywele zilikuwa zinanguruma. Rafiki yangu alilaza karatasi mezani, akanisomea polepole. Yule askari alikuwa kibarua wa kiwanda cha nguo. Aliingia jeshini akiwa kijana, akafanyia mazoezi huko huko Uingereza, akavushwa Ufaransa, akafa Ubelgiji. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Hakuoa. Wazazi wake wote wawili walikuwa wameshafariki alipoandikishwa.

"Sasa sikiliza hapa. Mtu wa kuarifiwa akifa." Aliweka kidole. "Kaka yake. Fundi wa mitambo. Address ni nyumba ya kampuni ya migodi, Élisabethville."

Élisabethville ni Lubumbashi. Nilimwomba arudie, akarudia. Baba wa mama yangu alikuwa huyo kaka. Tulikuwa tumemlilia mtu mwingine.

Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilichosikia kilikuwa kama siku ile unapomaliza kuogesha chumba kizima, unakunja taulo la mwisho, na msimamizi anakwambia hao walikuwa wa zamu nyingine.

Wiki zilizofuata, rafiki yangu alimfuata yule kaka kwenye karatasi zake, na karatasi zilikuwa nyingi, maana aliishi sana. Aliingia jeshini baada ya mdogo wake kufa. Hilo bibi alilisema kweli, alikwenda vitani na hakurudi. Lakini hakurudi kwa sababu vita ilipokwisha alishuka kijijini kwao, akafunga ndoa katika kanisa lile lile, akabatiza watoto watatu pale pale, akafanya kazi, akastaafu, akafiwa na mke, na mwishowe akafa katika nyumba ya wazee, kitandani, kwa uzee.

Hapo ndipo hasira ilinipata. Mimi nilikuwa shuleni Lubumbashi, nina sare na kamba ya kuruka, na yeye alikuwa hai. Niliolewa, alikuwa hai. Mama alikuwa akimwombea roho yake kila mwezi wa kumi na moja, kwa mshumaa, na mwenyewe yuko hai anakunywa chai yake. Kazini asubuhi moja nilikuwa namsugua mgongo mzee mmoja mpole, asiyenikosea kitu, nikajikuta nimesimama na sifongo mkononi nikijiuliza huyu naye ameacha nani wapi. Ikabidi nitoke nikanywe maji.

Rafiki yangu alinishauri ninyamaze. "Mambo mengine unayaacha kwenye bahasha, dada. Mama ana miaka mingapi? Muache na askari wake."

Nilimsikiliza. Nilinyamaza, na mama akanishika kwa kunyamaza kwenyewe. Mimi nikiingia nyumbani hulalamika: metro, msimamizi, magoti, mvua. Wiki zile nilikuwa naingia kimya.

"Haulalamiki tena," aliniambia. Alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. "Kuko nini? Eko mugonjwa mutoto?"

"Mutoto eko muzuri, maman."

"Basi ni papa."

Nikakaa. Nikamwambia yote bila kuyapamba, kwa sababu sikuwa na nguvu za kuyapamba. Aliendelea kuchambua. Alitoa mawe madogo madogo akayaweka pembeni ya sinia, moja moja.

"Alikufa na miaka ngapi?"

"Quatre-vingt-trois." Themanini na mitatu.

"Ku lopitalo?"

"Hapana. Ku nyumba ya bazee."

"Sawa kwenye unatumikaka kazi."

"Eeh, maman."

Alifikiri. "Donc balimuogesha," alisema, akatoa jiwe jingine.

Jioni ile hakula. Kesho yake nilikuta picha ya jiwe la kaburi imetolewa ukutani na kuwekwa kwenye droo ya vitambaa, uso chini. Kwa siku kadhaa alikaa dirishani bila kuniuliza chochote, na mimi niliyekuwa nimelichoka swali lake nikatamani aniulize. Nilijilaumu, nikamlaumu rafiki yangu kwa faili lake, nikamlaumu bibi aliye kaburini Katanga. Binti yangu aliniuliza kama jina la mtoto libaki. Nilimwambia sijui, asiniulize mimi, mimi ni mtu wa kuogesha watu.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, nikimfunga mama kitambaa cha kwenda misani, aliponishika mkono.

"Ule ya ku kaburi," alisema, "na papa yangu. Ni tumbo moja?"

"Ni tumbo moja. Mama mumoja, papa mumoja. Ule ya ku kaburi njo mudogo."

"Na alikufa mbele nizaliwe."

"Miezi kidogo tu mbele."

Mama aliniachia mkono, akajipiga paja kwa kiganja, kofi lililosikika mpaka jikoni.

"Tuko bajinga! Maman, tuko bajinga! Papa yangu alikuwa ku Katanga. Balimutumia habari: mudogo yako alishaka kufa. Na mi nikazaliwa. Mama yangu akamuuliza, huyu mutoto tumupe jina ya nani? Ungejibu nini, we?"

Nilisimama na kitambaa mikononi kama mtu aliyepigwa na mlango. Jina lile halikuwa la baba yake. Baba yake alimpa la mdogo wake aliyekufa, zima, la kwanza na la ukoo, kama tunavyofanya sisi, bila kujali sketi wala suruali. Nyumba nzima ya watu wa Katanga tulikuwa na jina hilo mdomoni kwa miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo tunamuuliza kila mtoto wa jirani: wewe ni ndoyi wa nani? Tulilisoma kama makarani wa manispaa. Mzungu alikuwa amefanya mambo ya kwetu, na sisi tulikuwa tunayatafuta ya kizungu.

"Donc ule ni papa yangu mudogo," mama alisema. "Ni ndoyi yangu. Leta picha."

Nikaitoa picha kwenye droo, nikaitundika. Misa tuliikuta katikati.

Lakini alikuwa na swali lingine, na hilo alilishikilia mpaka tulipokuwa tunarudi, akatembea nalo kutoka kituoni mpaka mlangoni. Alingoja nikae.

"Bale batoto batatu ba papa. Ba kule. Banaitwa nani?"

Sikutaka. Niliona anakwenda kujiumiza, kujilinganisha na watoto waliolelewa mezani kwa baba yake. Nilimwambia karatasi ziko kwa rafiki yangu. Akanipa simu. Nikampigia, nikamweleza, nikaweka sauti ya simu juu ili mama asikie mwenyewe. Tulisikia karatasi zikipekuliwa.

Wa kwanza, mvulana, alipewa jina la babu yake mzaa baba. Wa pili, msichana, jina la yule bibi mfumaji. Wa tatu, mvulana tena, jina la baba wa mke.

"Rudia," mama alisema.

Alirudia. Kisha tukamsikia rafiki yangu akizipekua karatasi tena. Alikuwa ameshinda nami kwenye vitabu vile wiki nyingi, aliwajua watu wale kuliko mimi.

"Dada," alisema taratibu, "ana wavulana wawili. Mdogo wake amekufa vitani. Na hakuna aliyepewa jina lake. Watu wale, kweli? Hawajawahi kuruka jina."

"Hakuruka," mama alisema. Hakuwa anaongea na simu, wala na mimi. "Alishaka kulitoa. Alijua liko na mwenyewe."

Akalia hapo. Mama yangu halii ovyo, hata kwenye kilio kile alikuwa akipangia watu mahali pa kukaa. Sasa alilia kwa sauti ndogo, mikono mapajani, na alikuwa anatabasamu pia. Nikakata simu bila kuaga. Nilikaa chini kwenye zulia, kichwa changu kwenye magoti yake, nikasikia uchovu wangu wote wa miaka ile unanishuka mgongoni, na sijui ni nani kati yetu aliyelala kwanza, maana binti yangu alipokuja mchana ule alitukuta hivyo hivyo.

Simsamehe yule mzee. Naliandika hili ili nisije nikaonekana mtu mwema. Alijua jina liko na mwenyewe, akajua na mwenyewe yuko wapi, na meli zilikuwapo. Mama anasema nisimchukie, amechelewa kuchukiwa. Mimi namchukia kidogo kidogo, nikipata nafasi.

Mtoto alizaliwa wa kike, akapewa jina la mfumaji, na mwezi wa tano tulikwenda naye Flandre. Mama alitembea polepole zaidi kuliko mwaka uliotangulia, akishikilia gari la mtoto badala ya fimbo. Njiani, kati ya mashamba ya viazi, nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua: kama inabidi sasa tumfanyie kilio na yule mwingine, baba yake hasa. Nilishaanza kuyaona makochi kwenye korido.

Alisimama kupumua.

"Ule eko na batoto batatu ba kumulilia," alisema. "Balishamulilia zamani. Lakini huyu? Mama hana, papa hana, muke hana, ndugu eko mbali ku Katanga. Nani alimuliliaka huyu? Ni siye tu. Tulilia muntu ya kulilia."

Tukafika. Majani yalikuwa yamekatwa kama kawaida, hakuna cha kuokota. Nilimfungulia mama kiti chake, nikampakatia mtoto magotini, nikasogea kando na mfuko wangu wa mikate. Upepo ulikuwa ule ule. Mama alimgeuza mtoto uso uelekee jiwe, akamwekea sawa kofia.

"Ndoyi," alisema, "tulifika."